Muulize Kwanza Samaki Anakula Nini

Nasema nanyi, vijana wangu wa kata ya Ramadhani, pamoja nanyi wa Njombe mjini na wa Makambako mnaopanda huku kwa shughuli zenu. Nimeonyeshwa hizo video mnazotumiana kwenye simu. Mzungu amesimama kwenye boti ya kung'aa, katikati ya ziwa lililojaa majani, anarusha chambo cha plastiki chenye umbo la chura. Maji yanapasuka, samaki wa kinywa kipana anaruka hewani akitikisa kichwa. Samaki huyo ni besi, na kwao ni Marekani.

Nimeyasikia pia mashauri yenu. Wapo wanaotaka kuchanga fedha waagize sanduku zima la vyambo. Wapo wanaoiota boti. Na yupo aliyesema tutafute vifaranga vya besi tuvipande kwenye mabwawa yetu ya perege. Mimi ni seremala mzee, na sehemu kubwa ya ujana wangu ilipita kando ya maji: huku juu, kule bondeni Kilombero, na Manda kwenye Ziwa Nyasa. Siwezi kuyasikia maneno hayo nikanyamaza. Mnayo hamu ya kuvua kwa mshipi na kwa akili, si kwa kokoro wala kwa sumu, na hamu hiyo naitaka ikue. Ndiyo sababu nataka ianzie mahali panapofaa.

Chambo hakianzii dukani, kinaanzia tumboni mwa samaki. Samaki yeyote mtakayempata, kabla hajaingia kwenye sufuria, mpasueni tumbo taratibu mtazame alichokula. Perege mtamkuta na mwani na tope la kijani. Kambale mtamkuta na kila kitu: wadudu, konokono, mbegu, samaki wadogo. Mbasa wa Ziwa Nyasa mtamkuta na usipa. Mkifanya hivyo kwa msimu mmoja mtakuwa mmejua zaidi ya muuza duka yeyote.

Chambo bandia kinamdanganya samaki wa aina moja tu, yule mwindaji anayekimbiza kiumbe kingine kwa kukiona au kwa kuhisi mtikisiko wake majini. Perege hana cha kukimbiza. Mrushie chuma king'aacho mchana kutwa, atakipita. Mpe kidonge cha ugali uliokandwa vizuri, kwenye ndoana ndogo, kisha utulie. Kambale anawinda, lakini anaongozwa zaidi na sharubu na harufu, hasa usiku na maji yakiwa ya tope. Huyo mpe utumbo wa kuku. Vile visamaki vya mto wetu Ruhuji huku juu, penye maji ya baridi yaendayo kasi, vinaishi kwa wadudu, na vinataka ndoana ndogo kabisa iliyofungwa unyoya mmoja. Kijana anayeagiza chura wa plastiki kwa ajili ya hawa watatu amenunua pambo la ukutani.

Sasa mtazameni besi kwa jicho hilohilo. Hakimbizi mbali. Anajificha kwenye majani, kwenye gogo lililozama, kwenye kivuli cha gati, akangoja. Kinachopita karibu, kiwe chura, kamba wa mtoni au samaki mdogo, anakivuta kinywani pamoja na maji kwa mkupuo mmoja. Vyambo vyake vyote vimetokana na tabia hiyo. Mnyoo wa plastiki laini, alioutengeneza Nick Creme mjini Akron, Ohio, mwaka 1949, unatambaa chini polepole, na ncha ya ndoana unaweza kuificha ndani ya plastiki isikamate majani. Chura wa plastiki anateleza juu ya majani yenyewe. Hata boti zile zina asili yake. Mwaka 1948 Holmes Thurmond wa Shreveport, Louisiana, aliunda boti bapa isiyohitaji kina, akaiita Skeeter, kwa sababu besi anakaa kwenye maji mafupi yenye visiki. Wenzetu walitazama maziwa yao, wakamtazama samaki wao, kisha wakaunda. Igeni huko kutazama kwao. Hivyo walivyounda baada ya kutazama vilikusudiwa maji yao.

Yupo mtu mmoja ningependa mumjue kuliko hao wote. Anaitwa Lauri Rapala, wa Ufini, maskini aliyelisha familia yake kwa uvuvi. Alipokuwa akipiga kasia ziwani aliona kwamba samaki mkubwa anapoliingia kundi la wadogo humrukia yule mmoja anayeogelea upande, anayeyumba kwa sababu ana jeraha. Mwaka 1936 akachukua kipande cha koki na kisu cha mshona viatu, akachonga samaki mdogo, akamvika karatasi za kung'aa zinazofungiwa chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akayeyusha filamu za picha akampaka nazo. Kisha akarekebisha na kurekebisha mpaka yule samaki wa koki akayumba majini kama aliyejeruhiwa. Leo jina lake liko kwenye vyambo dunia nzima. Mtaji wake ulikuwa kisu, takataka, na kitu alichokiona kwa macho yake wakati wengine wakipita.

Njombe nani amekosa kisu? Mianzi tunayogema ulanzi ndiyo hiyohiyo inayotoa ufito mzuri wa kuvulia. Msiguse chipukizi linalogemwa, mtagombana na mwenyewe. Kateni ule uliokomaa, wakati wa kiangazi, mwembamba na mrefu, muuning'inize kivulini huku chini mmeufunga jiwe, ukauke ukiwa umenyooka. Palipopinda pasheni moto kidogo mpanyooshe kwa mkono. Kwa mwili wa chambo, mbao ya paini inafaa lakini ni nzito kidogo kwa kazi hiyo na ina utomvu. Bua la mkonge lililokauka ni jepesi na linachongeka vizuri. Soli ya kandambili kuukuu inatoa boya, na inatoa pia chambo cha kupiga kelele juu ya maji. Manyoya ya shingo ya jogoo yanafungwa kwenye ndoana kwa uzi wa kushonea. Kijiko cha chai ukikikata mpini, ukakitoboa tundu huku na huku, ukatia ndoana upande mpana, umepata usipa wa chuma. Wamarekani wana habari ya Julio Buel, ambaye inasemekana alidondosha kijiko ziwani akamwona samaki akikirukia kikizama. Alichukua hataza ya chambo cha namna hiyo mwaka 1852, na mpaka leo hakijapitwa na wakati.

Hapa pana kazi ya mikono ambayo nataka muifanye kwa uvumilivu. Chambo cha mbao kinahitaji mdomo, yaani kipande kidogo cha bati au plastiki ngumu kilichopachikwa chini ya kidevu. Mdomo ukisimama wima zaidi, chambo kinayumba karibu na uso wa maji. Ukilala mbele, kinapiga mbizi. Uzito uwekwe chini ya tumbo, ama sivyo kitalala ubavu. Kikokoteni kwenye bwawa kabla ya kwenda mtoni, mkitazama. Kinachojizungusha chenyewe badala ya kuyumba kitasokota mshipi wote, basi kirudisheni mezani. Nimeona vijana wakitupa chambo kizuri kwa sababu ya kosa la unene wa ukucha.

Na tuna wawindaji wetu. Wengi wenu mnavuka Ruhuji kila siku bila kuuliza maji yale yanakwenda wapi. Ruhuji huu, unaoporomoka hapa karibu na mji tunapopeleka wageni kupiga picha, unashuka ukingo wa nyanda za juu mpaka bonde la Kilombero, zaidi ya mita 1,500 chini yetu. Huko unakutana na Mnyera, na kwa pamoja na mito mingine inauunda Mto Kilombero, unaokwenda kukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Njiani maji yetu yanazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi. Na kule chini, kwenye Ruhuji na Mnyera ya joto, anaishi mmoja wa samaki wa mshipi wanaosifiwa zaidi Afrika. Wavuvi wa kimataifa humwita taigafishi. Meno yake yako nje ya midomo, yanaingiliana juu na chini. Mwili wake umejengwa kwa mbio. Mmoja wa jamii yake, anayepatikana Rufiji na Ruvu, aliandikwa na wanasayansi mwaka 1986 kwa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Watu wanatoka Afrika Kusini, Ulaya na Marekani, wanalipa maelfu ya dola kwa juma moja, wanarusha chambo cha manyoya kwenye maji yaliyopita chini ya daraja letu, wanamkamata, wanampiga picha, wanamrudisha. Ninyi mnaitamani Marekani kwenye simu, na Wamarekani wanakuja kuvua kwenye mto wenu.

Taigafishi anafundisha somo gumu la chambo. Kinywa chake ni mfupa mtupu, ndoana haina pa kuingia isipokuwa pembeni. Kwa hiyo ndoana iwe kali ya kushika kwenye ukucha, na ukihisi pigo uvute mshipi wenyewe kwa mkono, kwa nguvu, usiinue ufito tu. Mshipi wa nailoni anaukata mara moja. Mbele ya chambo weka waya. Nyuzi za kebo ya breki ya baiskeli zinatosha. Na hata hivyo, wengi watatema chambo hewani. Yeyote anayemvua huyu akaja kusema kwamba hakumkosa hata mmoja, msimwazime vifaa vyenu.

Upande wa pili wa mkoa wetu maji yanakwenda Nyasa. Mto Ruhuhu unaingia ziwani pale Manda, wilayani Ludewa, na huko ndiko nilikojifunza kumpenda mbasa. Mwili wake ni wa fedha, umepangwa kwa mwendo, na ziwani anafuata makundi ya usipa. Mvua zinapojaza mito anapanda kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Kijiko chenu cha chai kilichokatwa mpini ni chakula chake. Kirambazeni nyuma ya mtumbwi alfajiri, kabla upepo haujaamka, kasia liende taratibu, na mara mojamoja muache chambo kizame kidogo kisha kiendelee. Hapo kwenye kuzama ndipo anapopiga. Lakini anapopanda mtoni kutaga, mwacheni. Mbasa wamepungua sana, na sababu moja kubwa ni nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito wakati huo, zinazomkamata mama na vizazi vyake vyote kwa siku moja. Mtu wa mshipi ana nafasi ya kuchagua ambayo mtu wa wavu hana. Itumieni.

Tumefika kwenye boti. Nitasema kwa urefu, kwa sababu hapa pana uhai wa watu.

Kwenye mabwawa na mito ya huku juu hamhitaji boti yoyote. Simameni ukingoni, tembeeni, vueni viatu. Kivuli chenu kisianguke kwenye maji mnayovua. Fedha ya boti nunueni ndoana nzuri na jaketi la kuokolea, maana siku moja mtashuka ziwani. Nyasa ni ziwa la kilomita zaidi ya 500 kwa urefu, na kina chake kinafika karibu mita 700. Ukitoka ufukweni kule Lupingu, mlima unaouona ukitumbukia majini unaendelea kutumbukia hivyohivyo chini ya mtumbwi wako. Upepo wa kusini wa Juni mpaka Agosti unaamka baada ya jua kupanda, na hauna subira. Wavuvi wa kule wanatoka usiku na alfajiri kwa sababu hiyo, na wakiliona wimbi limebadilika rangi kwa mbali wanarudi hata kama samaki wanakula. Mkiwa wageni, mwenyeji ndiye nahodha. Akisema turudi, msijadiliane naye.

Mtumbwi wa gogo moja unayumba kwa sababu chini ni mviringo. Mzigo uwe chini, mtu akae, anayesimama kurusha chambo kama wale wa kwenye video atawatumbukiza wote. Kopo la kufulia maji lifungwe kwa kamba, lisije likaondoka na wimbi siku ya haja. Vaeni majaketi tangu ufukweni. Jaketi ulilolikalia halikuokoi.

Mkitaka kuunda boti ya mbao, njooni kwangu kabla ya kununua mbao. Paini ya Njombe ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini isipotiwa dawa inakunywa maji na kuoza mapema, kuanzia kwenye maungio. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu, lakini usipokaushwa pole unapasuka na kupinda, na misumari inalegea. Mbao ikaushwe kivulini, maungio yatiwe kalafati ya pamba na lami, misumari iwe isiyoshika kutu. Boti inayovuja tone moja ufukweni itavuja ndoo katikati ya ziwa.

Na kule Kilombero kuna wenye nyumba. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina. Mkipita kati yake na kina hicho mmejiweka kwenye njia yake. Piteni upande wa maji mafupi, gongeni ubavu wa mtumbwi kwa kasia ajue mnakuja. Mamba hapigi kelele. Msisafishe samaki mkiwa mmechutama ukingoni jioni, na mkono usiachwe ukining'inia majini.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolipenda zaidi, samaki usiyemtarajia.

Mwaka 1932, tarehe 2 Juni, kijana mkulima wa miaka 20 aitwaye George Perry, kule Georgia, aliamka akakuta mvua imelowesha shamba hata halilimiki. Akaenda na rafiki yake kuvua kwenye Montgomery Lake, kidimbwi kilichoachwa na mto ulipohama njia, kwa mashua aliyojiundia. Inasimuliwa kwamba walikuwa na chambo kimoja cha kurusha, wakikipokezana. Perry alidhani amenasa gogo. Gogo likasogea. Lilikuwa besi wa kilo 10 na kidogo, mkubwa kuliko wote waliokuwa wamethibitishwa hadi siku hiyo. Akampima mjini, akarudi naye nyumbani, familia ikamla. Ilipita miaka 77 mpaka Mjapani Manabu Kurita, mwezi Julai 2009, alipomvua wa uzito unaolingana naye kwenye Ziwa Biwa. Mmoja alikuwa na chambo cha mbao cha kupokezana, mwingine alitumia samaki hai. Samaki hao hawakuwa na habari na bei ya boti.

Kwangu mimi asiyetarajiwa ana thamani hata akiwa mdogo, kwa kuwa anakupa habari. Pale Manda, nikirambaza kijiko kwa ajili ya mbasa, jua likiwa limeshapanda, nilivuta kitu kizito kisichokimbia bali kinachozama. Akaja kambale. Kambale mchana, kwenye maji meupe, kwenye chuma! Mzee niliyekuwa naye hakushangaa. Alimpasua palepale, na tumbo lilikuwa limejaa usipa. Kundi la usipa lilikuwa limesukumwa na upepo mpaka mdomoni mwa mto, na kambale wa hapo wakaacha tope lao wakapanda kula. Tangu siku hiyo, nikipata kambale juu, ninajua usipa wako karibu na mbasa hawako mbali. Kule Kilombero kitoga, samaki akaaye chini, akichukua chambo ulichomtupia taigafishi, ujue chambo chako kinapita chini kuliko unavyodhani. Au punguza uzito, au kubali kwamba leo ni siku ya kitoga.

Kwa hiyo kila mmoja wenu awe na daftari. Tarehe, mahali, maji yalikuwaje, upepo ulitoka wapi, chambo gani, samaki gani, tumboni nini. Samaki mgeni msiyemjua mpigeni picha akiwa kwenye mkono uliolowa, kisha mpelekeeni picha afisa uvuvi. Samaki mgeni ndani ya mto anaweza kuwa habari njema, kama vile mkunga aliyezaliwa baharini akapanda mto mpaka bara. Au anaweza kuwa habari ya hatari.

Ndiyo, ninarudi kwa yule aliyesema tumlete besi. Mwanangu, jambo hilo lilishafanywa jirani. Mwaka 1929 besi alitoka Marekani akatiwa Ziwa Naivasha, Kenya, kwa ajili ya mchezo wa kuvua wa walowezi. Ziwa lile lilikuwa na samaki wake mdogo wa asili. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Mwaka 1970 wakatiwa kamba wekundu wa Louisiana, wakala majani ya ziwa mpaka yakaisha sehemu nyingi. Mwaka 2001 nyavu za Naivasha zikaanza kuleta samaki aitwaye kapi, ambaye wavuvi hawakumtarajia. Inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia juu ya mto, mvua kubwa zilipoyafurisha. Kapi anachimbua tope, maji yanachafuka, na besi, anayewinda kwa macho, amepungua. Kwa miaka kadhaa wavuvi wengi wa Naivasha waliishi kwa kapi. Wamepata riziki, nakubali, lakini hakuna aliyeichagua, na hakuna anayeweza kuyarudisha maji yalivyokuwa.

Ziwa Victoria mnalijua zaidi. Sangara alitiwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Viwanda vilijengwa, ndege zilibeba minofu kwenda Ulaya, na furu wa aina zinazokadiriwa kufikia 200 wakapotea. Japani nayo imejifunza kwa uchungu. Kurita aliyeifikia rekodi ya Perry alifanya hivyo kwenye ziwa ambamo besi ni mvamizi, na tangu 2005 sheria ya nchi yao inakataza kumsafirisha akiwa hai au kumwachia kwenye maji mengine.

Sasa fikirini mabwawa yetu. Mengi yamechimbwa mabondeni, karibu na vijito vinavyoingia Ruhuji. Masika moja yenye hasira, kingo zinapasuka, na kilichomo kinashuka. Ramadhani iko juu ya kila kitu: juu ya Kilombero, ardhi oevu iliyoandikwa kwenye Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, juu ya taigafishi, juu ya Rufiji yote. Aishiye juu ya mto hana bwawa lake peke yake. Hata perege, tumieni vifaranga vya aina ambayo wataalamu wa uvuvi wameikubali kwa bonde letu, na wekeni chujio la wavu kwenye bomba la kutolea maji. Baridi ya huku inamchelewesha perege, najua mnakasirika, kwa kuwa anataka maji yenye nyuzijoto 25 na zaidi. Basi chimbeni mabwawa penye jua siku nzima, mpunguze maji yanayoingia na kutoka, mmpe muda.

Na yale mambo ya utupa yaishe. Najua babu zetu waliuponda wakautia mtoni. Walikuwa wachache, na mto ulikuwa mpana kuliko leo. Utupa unamzuia samaki kupumua, mkubwa na kifaranga, anayeliwa na asiyeliwa, na wadudu wanaowalisha wote. Dawa ya viazi ni mbaya zaidi, maana inabaki mwilini mwa samaki mnayempeleka mezani. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu na baruti. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Nimeona vinyungu vya viazi vinavyogusa maji yenyewe, na mashamba mapya ya parachichi yanayosogea kila mwaka. Mvua ya kwanza inashusha udongo na dawa, changarawe inafunikwa tope, na mayai ya samaki yanakufa yakiwa hayajaonekana na mtu. Mwenye shamba namna hiyo akiwa baba yako, zungumza naye kwa adabu, jioni, akiwa ameshakula. Akiwa rafiki yako, mwambie wazi.

Kibanda changu cha useremala kiko wazi Jumamosi baada ya saa nane. Kila mmoja aje na mwanzi mmoja uliokauka, kijiko kuukuu, na kandambili zilizokatika. Kebo za breki tutaziomba kwa mafundi baiskeli. Treni ya TAZARA ikituletea kambale wakavu kutoka Mlimba mpaka Makambako, vijana wa kule waulizeni wauzaji walivuliwa wapi, kwa chambo gani, mwezi gani, mkaandike kwenye daftari. Mambo ya leseni ya kuvua tutamwuliza afisa uvuvi wa halmashauri kabla hatujashuka Manda, na tutashuka Septemba, upepo ukiwa umepungua, wenyeji wakitukubalia.